Mifuko ya Nyuma Imesogeleana

Bunia, Ituri
Jumapili alasiri

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na nyingine juu yake, maana ya kwanza ni ya kila siku na hii ya pili ni ya miezi saba niliyokaa bila kuuona uso wako. Mama naye mpe yake kabla hujaendelea kusoma. Najua yuko hapo karibu na ungo wake wa choroko, anajifanya hasikilizi. Mimi sijambo kabisa. Sijaumwa hata kichwa tangu nifike, nalala vizuri, nakula vizuri, na kazi inaenda. Habari za Singida? Mvua zimewafikia? Na ile cherehani nyeusi, bado inakoroma ikifika kwenye jinzi?

Utashangaa kupata barua kwa mkono wakati simu ipo. Nimeandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, dereva wetu Nestori anakwenda likizo kwao Mwanza kupitia Uganda, na ameahidi kuikabidhi kwenye basi la Singida yeye mwenyewe. Ya pili, wewe simu unaikata. Mara tatu nimeanza kuuliza habari za mwili wako, na mara tatu mtandao wa Singida umekuwa mbaya ghafla. Barua haikatiki, Baba. Unaweza kuichana, lakini Mama ataokota vipande na kuvishona.

Kwa hiyo nakwambia mapema ili usije ukasema nimekuvizia: barua hii inahusu mwili wako, na inahusu zile picha za harusi ya Zuhura wa shangazi Zaina alizonitumia kaka Athumani. Nimeziona. Nina la kusema, na nakuomba usiikunje barua kabla hujafika huko. Kwanza nikupe habari za huku, kwa sababu bila hizo hutaelewa nimejuaje nilichokijua.

Bunia ni mji mzuri, nasema kweli. Uko juu, asubuhi kuna baridi ya kuvaa sweta, mchana vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye chumvi. Usalama sitakudanganya, njia nyingine hatuendi mpaka tuulize kwanza, na kuna watu wengi hapa waliokimbia vijiji vyao. Lakini mjini watu wanauza, wanajenga, wanaoa, wanaimba kanisani mpaka bati linatikisika. Mimi nimepanga chumba kwa mjane mmoja aitwaye Mama Dorika. Ni mwenyeji wa siku nyingi, ana ng'ombe wachache nje ya mji na anauza vitenge sokoni. Nilipofika aliniangalia kuanzia utosi mpaka kisigino, akasema, "Weye umekonda sana. Kwenu hamukulaka?" Tangu siku hiyo ananilisha kama vile kuna mtu atakuja kunikagua. Sombe, ambayo sisi tunaiita kisamvu, wao wanaipika na mawese mpaka inang'aa. Mama asinionee wivu, lakini nimejifunza kuipika.

Kiswahili chao ni chetu na si chetu. Wanasema "miye" na "weye", watu ni "batu", ugali ni "bugari", "tu" ni "paka", "kwa ajili ya" ni "juu ya", kila kitu kwao "iko", na mkubwa ni "munene". Mtu akikwambia umenona, amekusifu, unatakiwa kushukuru. Sasa fikiria mimi nimeletwa mahali kama hapa kuja kusema kwamba unene ni hatari.

Kazi yenyewe ni hii. Mataifa mengi yamekubaliana kwamba unene unaozidi umekuwa tatizo la dunia nzima, si la matajiri wa Ulaya tu kama tulivyodhani. Kuna nchi zimeweka ushuru kwenye soda, nyingine zinalazimisha viwanda viandike kwenye pakiti kuna sukari kiasi gani, nyingine zimeondoa peremende kwenye maduka ya shule. Huku kwetu wameanza na kupima watu na kufundisha wauguzi, na wamechagua miji michache katika nchi mbalimbali. Bunia ni mmoja. Kila Alhamisi tunakaa mbele ya skrini na watu wa mabara mengine, kila mmoja anaeleza alivyofanya, na mtandao ukikubali tunaonana nyuso. Mkuu wetu hapa ni Daktari Losa, mwanamke wa kisiwa kimoja kidogo katika bahari ya mbali kabisa, mpana wa mabega, mcheshi. Anasema kwao chifu mwembamba hachaguliwi. Nadhani mngeelewana.

Kazi yangu mimi ni kugeuza maneno yao yawe Kiswahili, kisha kwenda kuuliza maswali mitaani pamoja na wauguzi. Hapo ndipo nilipoanza kuaibika. Kwenye karatasi waliyotutumia kulikuwa na swali kama mtu huwa anatumia ngazi au ile mashine inayopandisha watu ghorofani. Nikaona mashine hiyo Bunia sijaiona, nikaifuta. Nikabakiza, "Je, kwa siku unapanda ngazi ngapi?" Niliona nimefanya jambo la busara. Tukamfikia mzee mmoja anasuka vikapu. Nikamsomea. Akaacha kusuka, akaniangalia kwa huruma.

"Mama, siye hapa tunapandaka ngazi paka wakati ya mvua," akasema. "Kila siku, shamba tutatoa wapi?"

Baba, ngazi huku ni matunda ya mchikichi, yale wanayokamulia mawese. Nilikuwa namuuliza mzee wa watu kwa siku anapanda shambani michikichi mingapi. Na wenzake kumi waliomtangulia walikuwa wamenijibu bila kucheka, mmoja akasema mitatu. Sijui hiyo mitatu aliipanda wapi.

Mzee huyo huyo ndiye aliyeniuliza swali ambalo lilinikosesha raha. "Kule upande ya Gety batu banakimbia, hawana hata bugari ya jioni. Na nyinyi munakuja kupima tumbo? Tumbo gani?" Nilimtafsiria Daktari Losa, naye akachuchumaa mbele ya vikapu, akasema kupitia kwangu kwamba siku ile asubuhi alikuwa kwenye nyumba moja ambamo mtoto ana mkono mwembamba kama kijiti na bibi yake ana mwili mzito na presha ya kutisha, na wote wanakula chungu kimoja. Mtoto anakosa chakula cha kujenga mwili, bibi anashiba kwa mihogo, mafuta na chai ya sukari nyingi. Mzee akafikiri. "Basi mupime bote," akasema, akarudi kwenye kikapu chake. Na ndivyo tunavyofanya.

Sasa nije kwenye utepe, kwa sababu ndio uliozaa yote. Wewe ulinifundisha futi kabla sijajua kusoma. Ulikuwa unanisimamisha kwenye kigoda nishike ncha ya futi kwenye bega la mteja, na ukinionya: mpime mtu akiwa ametoa pumzi, si akiwa ameivuta. Basi mradi ulituletea tepe za kupimia kiuno cha mtu mzima, zimepakwa rangi. Kijani maana yake uko salama, manjano ujiangalie, nyekundu ni hatari. Kwa yule aliyezichora huko alikokuwa, zilikuwa rahisi mno, hata asiyesoma angeelewa.

Na kweli asiyesoma alielewa. Tatizo ni kwamba Bunia walikuwa wanaujua utepe wa rangi miaka mingi kabla yetu. Kuna ule mdogo wa kupima mkono wa mtoto mwenye utapiamlo. Mtoto akiingia kwenye nyekundu anaandikwa, mama yake anapewa zile pakiti za karanga na wakati mwingine sabuni na mafuta. Mtoto akiwa kwenye kijani, mama anaambiwa hongera, rudi nyumbani. Kwa hiyo tulipotangaza kwamba kuna utepe mpya, wa watu wazima, habari ilizunguka soko zima kabla ya saa sita. Baadaye mama mmoja muuza mkaa alinieleza jinsi ilivyotangazwa: "Utepe imerudia, sasa ni ya bamama. Ruje, unapata. Veri, unarudia kwako." Ruje ni nyekundu kwa Kifaransa chao, na veri ni kijani.

Siku ya kupima walikuja. Baba, walikuja! Wanawake wa Bunia walijaa uwanja, wanatembea polepole, wanatokwa jasho, kila mmoja mpana kuliko jana yake. Mimi, binti wa fundi, nilisimama pale nikapima tangu asubuhi mpaka alasiri na sikuona kitu. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Karatasi zikajaa. Tukatuma matokeo juu, na juu wakashtuka, wakaandika kwamba Bunia imefunua jambo ambalo halikutarajiwa, na kwamba watu wa mkutano wa Alhamisi wangependa kutusikia. Nilijisikia mtu muhimu. Nilikwenda kununua gauni la kuonekania kwenye skrini.

Mvua ndiyo iliyonifumbua macho. Ilikuwa alasiri, Mama Dorika alikuwa ameanika vitenge vya kuuza uani, mawingu yakashuka ghafla, tukatoka mbio wote wawili kuvitoa kambani. Tukarudi ndani tumelowa chepechepe. Yeye akaanza kuvua pale pale sebuleni, tulikuwa wanawake peke yetu. Akafungua kitenge cha juu. Chini kulikuwa na kingine. Akafungua hicho, kukawa na kingine, kisha sketi nzito, kisha sweta. Nikaangua kicheko. Nikasema, "Mama Dorika, kumbe na wewe! Mlijifunga vitenge ili mfike kwenye nyekundu!" Na ndipo ikanijia picha ya wanawake wote wa uwanjani, na jasho lao, na kicheko kikanikauka.

Lakini yeye hakucheka hata kidogo. Alikuwa amebaki na shimizi tu, na nilichokiona sikukitegemea. Yule mama mpana ninayemjua hakuwepo. Mifupa ya mabega ilikuwa imetokeza. Ngozi ya mikono ilining'inia kama nguo ya mtu mwingine.

"Mutoto ya fundi," akaniambia polepole, "bale benzangu balivaa juu ya utepe. Miye ninavaaka hivi kila siku."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mavuno ya mahindi yaliyopita. Zamani alikuwa mnene kweli, alikuwa anaitwa Mama Kilo, na wateja walipenda kununua kitenge kwake kwa sababu kikimkaa yeye kitamkaa yeyote. Kisha mwili ukaanza kupungua bila sababu. Kila mwezi akaongeza kitenge kimoja.

"Mbona hukwenda hospitali?"

"Na batu? Mwanamuke mujane akipunguka, hapa banasema kwisha, iko na ile ugonjwa. Nani atanunua kitenge kwa mikono yangu?" Akakaa kwenye kiti, akavuta sweta lililolowa magotini. "Minaogopa, mutoto. Minaogopa kujua."

Nikamuuliza maswali ambayo ndiyo kwanza tulikuwa tumefundishwa. Kiu je? Akanionyesha kwa kidevu lile dumu la lita tano pembeni. Anamaliza moja kwa siku peke yake. Anakwenda chooni mara nyingi? Sana. Macho yanaona ukungu? Wakati mwingine namba za noti hazisomeki. Wiki iliyotangulia Daktari Losa alikuwa amesimama mbele yetu na kutueleza jambo ambalo niliandika daftarini bila kulifikiria: kwamba mtu mnene anaweza kuwa na sukari kwenye damu miaka mingi bila kujua, na kwamba ikizidi sana bila dawa, mwili unaanza kujila wenyewe. Mtu anapungua. Watu wanampongeza, naye anakwisha. Kupungua na kupunguzwa si kitu kimoja, Baba. Shika hilo neno, nitalirudia.

Mjini hakutaka kupimwa, kila muuguzi ni jirani yake. Ana dada yake anayekaa Nyankunde, na huko kuna hospitali ya misheni, kwa hiyo tukatafuta siku ambayo njia ilikuwa shwari tukaenda wote wawili, kwa kisingizio cha kumsalimia dada. Kwenye foleni alinishika mkono mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Alipotoka alikuwa analia, nikadhani basi. Kumbe analia kwa furaha. "Ni sukari," akasema, "ni sukari tu!" Mganga aliyekuwa nyuma yake akatikisa kichwa kwa lile neno "tu", akamwambia sukari si jambo dogo, ni ndoa, haina talaka. Lakini ina dawa.

Hiyo ni miezi mitatu sasa. Anameza vidonge, chai anakunywa bila sukari huku akinilaani, ugali ameupunguza na maharage ameyaongeza, na ng'ombe wake anakwenda kuwaangalia kwa miguu badala ya kupanda pikipiki. Mwili umeanza kurudi, si ule wa zamani, ila wa mtu mzima mwenye afya yake. Kila baada ya wiki kadhaa anavua kitenge kimoja. Jumapili iliyopita alikwenda kanisani na kimoja tu, wenzake wakamtazama, akawaambia kwa sauti pale mlangoni ana ugonjwa gani na amepimwa wapi. Wiki hii wanawake wanne wamekuja kwetu kuuliza njia ya Nyankunde.

Na zile karatasi za uongo? Nilikwenda mwenyewe kwa Daktari Losa, nikamweleza kuhusu vitenge. Nilijua nitafukuzwa. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akafuta machozi, akasema, "Haya, tuwaambie." Alhamisi ile tukawaambia mataifa yote kwamba tulipima nguo. Mtu mmoja wa bara jingine akauliza: sasa mtapimaje? Baba, sijui ujasiri ulitoka wapi. Nikasema kwetu nyumbani baba yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka yote niliyomshikia futi sijaona mtu akimdanganya fundi kuhusu kiuno chake, kwa sababu akidanganya nguo itamuumbua. Nikasema tuwatumie mafundi wa sokoni, futi zao wenyewe zisizo na rangi, nyuma ya pazia, mwanamke kwa mwanamke.

Walikubali. Sasa tuna mafundi sita wa soko la Bunia wanapima viuno, na watu wanakuja na nguo moja, wanatoa pumzi kama ulivyosema, na anayehitaji anaelekezwa kwa muuguzi bila kelele. Mji mwingine wa nchi ya mbali umeomba tuwaelezee tunavyofanya. Kazi yako imefika kwenye mkutano wa mataifa, Mzee wangu. Nilisikia fahari ambayo sijaisikia tangu nivae joho. Nilitamani ungekuwa umekaa pembeni yangu na chaki sikioni.

Ndipo kaka Athumani akatuma zile picha.

Ya kwanza umesimama na bibi harusi. Umependeza. Koti la kijivu, kofia, tabasamu. Nikakuza picha, nikaona kola ya sweta ndani ya koti. Mwezi wa kumi, Baba. Singida. Saa nane mchana. Hata mbuzi wanahema. Nikajiambia labda una mafua. Ya pili mmepigwa bila kujua, wewe umegeuka unapokea sahani ya pilau, koti limepanda juu. Na hapo nikaona mifuko ya nyuma ya suruali yako.

Unajua nilichokiona, huna haja ya kuambiwa, lakini nitakiandika. Mifuko imesogeleana. Imekaribiana kama mashoga wawili wanaosengenya. Mteja yeyote angepita asione kitu, lakini mimi nililelewa chini ya meza yako. Suruali ikipunguzwa kidogo, mifuko inabaki mahali pake. Ikipunguzwa sana kwenye mshono wa nyuma, mifuko inakutana. Na mshono ule ni wako, hakuna fundi mwingine anayeulaza vile. Umeipunguza suruali yako mwenyewe, tena si mara moja, na juu yake umevaa sweta ili koti lijae.

Nilisema watu hawamdanganyi fundi. Sikukumbuka kwamba fundi mwenyewe hana wa kumpima.

Wewe ndiye Fundi Debe. Tangu nikiwa mdogo mtaa mzima unakuita hivyo kwa ajili ya hilo tumbo, na ukiitwa unalipiga kofi na kusema debe tupu ndilo linalovuma, langu limejaa. Miaka miwili iliyopita muuguzi wa zahanati alikwambia upunguze, ukarudi unamwigiza, tukacheka wote, na mimi nilicheka. Sasa najua utakavyonijibu. Utasema, "Si ninyi mliosema nipungue? Nimepungua, mnataka nini tena?" Basi nakuuliza kama fundi: umeacha nini? Sukari umeacha? Mama anasema unaweka vijiko vinne. Unatembea? Unakwenda msikitini kwa bodaboda. Na Mama huyo huyo aliniambia kwa simu, akilalamikia bomba, kwamba siku hizi mtungi haufiki jioni. Alidhani ni Athumani anayeogea maji ya kunywa. Mama, usimgombeze Athumani.

Sisemi nimejua ugonjwa wako. Mimi si daktari, natafsiri maneno tu, na hata hayo nayakosea. Labda si sukari. Lakini mtu asiyebadili chakula wala mwendo akapungua namna hiyo, hajapungua, amepunguzwa. Nami ninaogopa, Baba, nasema wazi. Nimekaa na picha hiyo siku nne kabla ya kushika kalamu. Naelewa unaogopa nini. Watu watasema, na mteja hatampa kitambaa fundi anayeonekana anakwisha. Mama Dorika aliogopa hayo hayo, na alikuwa na vitenge duka zima vya kujifichia. Wahenga walisema mficha maradhi, nawe unaujua mwisho wa methali hiyo, mkono wangu hautaki kuuandika.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Barua hii ikifika, kesho yake asubuhi, kabla hujanywa chai wala kutia kitu kinywani, nenda hospitali ya mkoa na Mama upande mmoja na Athumani upande mwingine. Waambie wakupime sukari. Wanatoboa kidole, basi. Wewe umetobolewa na sindano maisha yako yote. Usinitajie namba ukiona aibu. Athumani ataniambia umekwenda au hukwenda, hiyo inanitosha.

Nisalimie shangazi Zaina, mwambie bintiye alipendeza na nimekosa pilau lile kwa uchungu. Nisalimie babu mdogo, yule wa mashine ya kusaga, na wifi yangu mke wa Athumani ambaye najua ndiye atakayemlazimisha mumewe aamke mapema. Mama nambusu mikono yote miwili. Mama Dorika ameniona naandika, akauliza ni kwa nani, anasema nikuandikie hivi, nanukuu: "Mwambie muzee, sukari si haya. Haya ni kufa na nguo tatu."

Nimemaliza, ila kitu kimoja. Uliniambia, siku nilipokata pindo la gauni la mtu na kulitupa, kwamba fundi mwenye akili hapunguzi nguo kwa mkasi. Anakunja kitambaa cha ziada, anakilaza ndani ya mshono na kukiacha hapo, kwa sababu mwili wa mtu huenda na hurudi. Ile suruali ya kijivu uliipunguza wewe, kwa hiyo najua, hata bila kuiona, kwamba hukukata. Kitambaa chote kiko ndani. Hata ulipokuwa unatuficha sisi, mkono wako ulikuachia nafasi ya kurudi.

Irudie, Baba. Si mpaka kwenye debe, nusu inatosha. Nikija likizo mimi mwenyewe nitaufumua mshono huo, nawe utasimama kwenye kigoda na kutoa pumzi.

Mshika futi wako,
Mwajuma